Mgeni Aliyetoka Njiani

Mwaka ule wa tisini na saba soko huria lilikuwa limeshafika Dodoma, ila lilikuwa bado halijajua likae wapi. Sokoni Majengo ungekuta matufaa kutoka Afrika Kusini, kila moja na kijikaratasi chake, yamepangwa kando ya mafungu ya mlenda mkavu. Watu waliyatazama matufaa, wakauliza bei, wakanunua mlenda. Basi ikaja habari kwamba nchi hiyo inayotuletea matufaa sasa inataka nyama yetu, na kwamba ujumbe wa wafanyabiashara, ukiongozwa na ofisa wa ubalozi wao, unakuja kutazama ng'ombe na mbuzi wa Kongwa.

Aliyefurahi kupita wote alikuwa Brighton Mwasomola, Afisa Biashara wa Mkoa, mtu wa Tukuyu mwenye tai kwa kila siku ya wiki. Alipanga ziara ile kama mtu anayemwoza binti yake wa pekee. Kuku walichaguliwa wakiwa hai. Mvinyo wa Dodoma uliwekwa kwenye barafu tangu jana yake. Ratiba ilionyesha hata dakika za kunawa mikono. Mtafsiri akawekwa msaidizi wake, Edina Morisi, mzaliwa wa Kongwa, binti aliyesoma Msalato na kuzungumza Kiingereza bila kukikanyagakanyaga.

Ila Edina alikuwa na lake, na hakulificha.

Miaka ya sitini, pale Kongwa palikuwa na kambi ya wapigania uhuru kutoka kusini. Vijana wale walikuja bila wazazi na bila majina, maana jina la kweli lingewafikia polisi wa kwao na kuwatia mama zao taabuni. Kila mmoja alijipa jina la vita. Mmoja wao, kijana mrefu aliyejiita Morisi, alimpenda Loisi, binti wa Bibi Generosa, akapeleka mshenga, akalima shamba la mama mkwe misimu miwili kama kijana yeyote wa Kigogo, akakubaliwa. Edina alikuwa ndio kwanza anaota meno malori yalipokuja kuwachukua vijana wote. Hakuna aliyeambiwa wanakwenda wapi. Loisi alisubiri kadiri mwanamke mwenye akili timamu anavyoweza kusubiri, kisha akaolewa Kibakwe na mkulima wa maharage, na mtoto akabaki kwa bibi yake.

Kwa hiyo Edina alitembea na jina la mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Shuleni halikumsumbua, na kazini ndiyo kabisa. Sasa alikuwa anaolewa na Damas, mwalimu wa Nzuguni, na harusi ilikuwa imebaki mwezi mmoja. Na kwa watu wa kwao, siku binti anapotolewa nyumbani, mjomba husimama mlangoni na kutaja mbele ya watu: huyu ni mtoto wa fulani, wa ukoo wa fulani, mjue mnayemchukua. Mjomba wake Bartolomayo, mtu asiyejua kuzunguka maneno, alikuwa ameshamwuliza mara kadhaa atasema nini mlangoni pale. Bibi alisema wataje ukoo wake yeye, yaishe. Edina alikataa. Alikuwa analitaka jina la baba yake, na alilitaka kwa uchungu uliomshangaza yeye mwenyewe, maana kwa miaka mingi alijidai hana habari nalo.

"Mzee," alimwambia Brighton siku moja kabla ya wageni, "baadhi ya wageni hawa waliwahi kuishi Kongwa. Naomba ruhusa niwaulize kuhusu baba yangu."

Brighton alivua miwani. "Bi Edina, wewe ni mtu mwelewa. Tunaanzisha ushirikiano wa kiuchumi kati ya mataifa mawili. Huwezi kuuanza na kesi ya malezi."

"Sidai malezi. Nataka jina tu."

"Ndivyo zinavyoanza zote," alisema Brighton. "Wakishatia saini, waulize hata majina ya babu zao. Kabla ya saini, wewe ni sauti tu. Sauti haina baba."

Wageni walifika, sita, wakiongozwa na Bwana Elias Gumede, mzee mrefu mwenye mvi zilizokatwa vizuri na viatu vinavyong'aa hadi vinakera. Alizungumza Kiingereza cha taratibu na kushukuru kwa kila kitu, pamoja na maji. Kwenye chai ya asubuhi Brighton, kwa kutaka kuwafurahisha, aliwaambia kwamba akina mama wa Kongwa hawajawasahau wapigania uhuru, na kwamba wengi wameshajikusanya tangu alfajiri kuja kuwasalimu. Ajabu ni kwamba wajumbe wawili wenye umri mkubwa waliweka vikombe chini na kuanza kuumwa matumbo hapo hapo. Wakabaki hotelini, na inasemekana mchana walikula kuku wazima wazima.

Gumede hakuumwa. Aliingia kwenye Landkruza, akakaa nyuma na Edina, wakaondoka. Dereva alikuwa Masudi, Msandawe wa Kwa Mtoro, mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Walipopita Nzuguni, Edina alimwonyesha mgeni nyumba mpya zinazoota kila upande. Walipofika Mbande na kuiacha lami, akapiga moyo konde. Brighton alikuwa gari la mbele, na sauti huwa inajisahau.

"Samahani," alimwuliza kwa Kiingereza, "uliwahi kukaa Kongwa?"

"Nilipita," alisema Gumede.

"Palikuwa na kijana akiitwa Morisi."

Gumede alitazama kile kibandiko kifuani pa Edina, kilichoandikwa jina lake herufi kubwa kwa agizo la Brighton. Kisha akatazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila mbuzi na vumbi. "Majina yalikuwa mengi," alisema. "Akina Morisi walikuwa wengi pia. Wengine wamekufa."

Edina akashukuru, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Masudi alimtazama kwenye kioo, akabadilisha gia bila sababu.

Kongwa walipokelewa na ngoma na vigelegele. Brighton aliamkia kwa "Mbukwenyi" yake, salamu ya Kigogo aliyojifunza, watu wakamwitikia kwa huruma. Turubai lilikuwa limefungwa upande wa pili, karibu na kambi ya zamani, na kwa kuwa gari halikuweza kupita, msafara ukashika njia ya miguu inayokata katikati ya mashamba ya uwele uliokwisha kukauka. Brighton mbele, Gumede nyuma yake, Edina akifuata, kisha wajumbe, kisha nusu ya Kongwa. Gumede alikuwa anaeleza habari za vyumba vya baridi, jinsi nyama inavyoweza kusafiri siku kadhaa bila kuharibika, na Edina anatafsiri kwa wote walioko nyuma, ambao hawakuwa wameuliza.

Mbele yao, akija kwa upande wa pili, alitokea Bibi Generosa. Hakuwa kwenye ratiba. Brighton mwenyewe alikuwa amemtumia ujumbe kwamba apumzike nyumbani, kwa umri wake, na Bibi alikuwa ameujibu kwa kubeba ungo wa karanga na fimbo yake na kuja kuwaona wageni. Macho yake yalikuwa yameshaanza kufunga ukungu, lakini miguu ilikuwa haijapata habari hiyo.

Gumede alikata sentensi katikati. Edina, aliyekuwa anasubiri mwisho wake ili atafsiri, akabaki mdomo wazi. Mzee yule aliinamisha kichwa, akatoka njiani, akaingia kwenye mabua ya uwele na viatu vyake vile, akaenda hatua kadhaa ndani, akageuza mgongo, akachuchumaa. Koti la suti akalivuta juu likafunika kichwa. Akatulia.

Brighton alishtuka. Akili yake ilikimbilia kwenye chai ya asubuhi. "Tumbo," alimnong'oneza Edina. "Na huyu tena tumbo. Nani aliyepika yale mayai?"

Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Watu wote wa Kongwa waliokuwa kwenye njia ile, wake kwa waume, walikuwa wanatazama mabua, na kila mmoja alijua anachokiona, kwa sababu amekifanya yeye au amefanyiwa. Kule kwetu mwanamume hapiti njia moja na mama mkwe wake. Akimwona, hutoka njiani, humpa mgongo, huficha uso hadi mama apite. Hakuna anayefundishwa kwa maneno. Ukishalima shamba lake na kukubaliwa, mwili wenyewe huanza kujua. Na mwili wa Elias Gumede, uliovuka mipaka, ukalala mahandakini, ukavaa suti na kujifunza kula kwa uma, ulikuwa bado unajua.

Masudi ndiye aliyemhurumia Brighton. "Mzee, sio tumbo," alisema. "Yule ni mkwe."

Brighton aliwaza. Kwao Tukuyu mke wake hawezi kukutana uso kwa uso na baba yake Brighton, mwaka wa kumi na tano huu, na wakitembelewa nyumba nzima hugeuka mchezo wa kujificha. Alivua miwani, akaivaa, akakaa chini kwenye ukingo wa shamba bila kujali suruali.

Bibi naye alikuwa amesimama. "Nani huyo aliyenipisha?" aliuliza. "Wakwe zangu nawajua. Mmoja yuko mnadani, mmoja ni mlevi, wa tatu yuko Kibakwe na maharage yake. Hakuna hata mmoja mwenye suti." Kisha taratibu, kwa kusaidiwa na fimbo, akageuka, naye akampa mgongo mtu wa mabuani, akaketi chini akitazama milima. Ungo wa karanga akauweka miguuni.

"Edina," alisema. "Simama katikati."

Wakwe hawasemezani ana kwa ana. Lazima awepo mtu wa kupokea neno huku na kulipeleka kule. Edina alikwenda akasimama pembezoni mwa shamba, bibi yake upande huu, mgongo wa koti upande ule. Alikuwa ameshaelewa, kama wote walivyoelewa, na alichokuwa nacho kifuani wakati ule kilikuwa hasira. Kutoka Dodoma hadi Kongwa wamekaa kiti kimoja. Mzee yule alisoma jina kifuani pake, akamwambia wengine wamekufa. Edina alitamani aondoke, amwache achuchumae pale hadi masika. Lakini miguu ilikataa, na kazi ya kusimama katikati ndiyo kazi aliyokuwa anaijua.

"Mwulize huyo wa kwenye mabua," alisema Bibi, "amekuja kwa jambo gani."

"Bibi anauliza umekuja kwa jambo gani," alisema Edina kwa Kiingereza, kwa sauti ya ofisini.

Jibu lilikuja kwa Kiswahili, Kiswahili cha zamani kilichokaa muda mrefu bila kutumika. "Mwambie, ndugu, nimekuja kwa sababu ya nyama."

"Anasema amekuja kwa sababu ya nyama."

"Hiyo ni ya bwana mwenye tai," alisema Bibi. "Mimi namwuliza yake."

Mabua yalichakarika kidogo. "Mwambie mama nilikuwa naogopa," alisema Gumede. "Kwanza tulikatazwa. Tuliapa kutoandika, kwa ajili ya usalama wa wote. Halafu vita vikaisha, nikawa sina tena kisingizio, nikabaki na woga peke yake. Nilijiambia nitapita tu, nitazame, nirudi. Nimepanda gari asubuhi nikamkuta mtoto amevaa jina langu la uongo, nikashindwa kusema."

Edina alipeleka maneno yote bila kupunguza hata moja. Yale ya mwisho yalimtoka kwa shida, na aliyasema huku anatazama milima kama bibi yake.

"Mwambie woga nimeupokea," alisema Bibi. "Amwulizie Loisi sasa, maana najua limemkaa kooni."

"Loisi," alisema mgongo wa koti, kabla hajaulizwa.

"Mwambie Loisi yuko Kibakwe, ameolewa, amenenepa, na anacheka siku nzima. Hana haja naye."

Edina akapeleka. Kutoka ndani ya koti ikatoka sauti ambayo wengine walisema ni kicheko na wengine wakasema ni kilio, na waliokuwa karibu wanasema ilianza hiki ikamalizia kile. Akina mama wa Kongwa wakaanza kujifuta macho kwa khanga, na mjumbe mmoja kijana, ambaye hakuelewa lolote, akajifuta pia kwa kuwa ilionekana ndiyo itifaki.

"Haya," alisema Bibi. "Alipokuja kuposa alinipa jina la vita, nikalikubali kwa kuwa vita vilikuwepo. Sasa vimekwisha. Anipe alilopewa na mama yake."

"Bibi anataka jina lako la kweli," alisema Edina. Wakati huu hakutumia Kiingereza. "Na la ukoo."

Gumede alinyooka kidogo, bado amegeuka. "Mimi ni Elias Gumede," alisema, pole pole, kama mtu anayeapishwa. "Baba yangu ni Mandlenkosi Gumede. Ukoo wetu ni Qwabe." Na jina lile la ukoo lilianza kwa kidoko cha ulimi, kile wanachokitoa watu wa kusini.

Mjomba Bartolomayo, aliyekuwa amejipenyeza hadi mbele kwa sababu jambo hilo lilimhusu kuliko wote, akajaribu kulisema. Akashindwa. Akajaribu tena, likatoka kama mtu anayemfukuza kuku. Masudi, ambaye lugha ya nyumbani kwao Kwa Mtoro imejaa vidoko vya namna hiyo, akalitamka mara moja, safi kabisa, na Gumede pale mabuani akageuza kichwa kwa mshangao, kisha akakumbuka alipo, akakirudisha haraka.

"Utanifundisha," Bartolomayo alimwambia Masudi. "Nina mwezi mmoja."

Brighton alikuwa amesogea. Ukweli ni kwamba na yeye macho yalikuwa mekundu, lakini mtu wa biashara ni mtu wa biashara. "Bi Edina," alinong'ona, "kwa mila ya huku, mkwe anaweza kubishana na wakweze juu ya bei?"

"Hawezi," alisema Edina.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mzee."

Brighton akarudi alikokuwa amekaa, akatoa ratiba mfukoni, akaanza kuikunja vipande vidogo vidogo kwa utulivu wa mtu ambaye mambo yake yamenyooka.

Watu walianza kudhani yameisha. Ngoma moja ikagongwa kwa kujaribu. Bibi Generosa akainua fimbo, ikanyamaza.

"Bado moja," alisema. "Mwulize. Huyu mtoto aliyesimama katikati yetu, ni wa nani?"

Edina hakuwa amelitegemea swali hilo. Jina alikuwa ameshalipata, na alidhani jina ndilo alilolitaka. Aligeukia mabuani. Aliuona ule mgongo mrefu, koti lililojaa vumbi na makapi ya uwele, na viatu ambavyo havikuwa vinang'aa tena.

"Bibi anauliza," alisema, "mtoto aliyesimama katikati ni wa nani."

"Mwambie ni wangu," alisema Gumede. "Mwambie mama, mbele ya watu hawa wote. Ni wangu."

Kazi ya mtafsiri ni kulichukua neno kama lilivyo na kulifikisha. Edina alikuwa amefikisha maneno ya mabalozi na ya madalali wa mnadani, ya wanaosema kweli na ya wanaosema uongo, na hakuna lililowahi kumlemea. Hili lilikuwa fupi kuliko yote. Alilianza, akaliacha katikati, akaanza upya.

"Bibi," alisema, "anasema mimi ni wake."

"Sikusikia," alisema Bibi Generosa, ambaye macho yalikuwa yamechoka lakini masikio yalisikia panya akitembea kwenye ghala la jirani. "Sema tena, kwa sauti, na walioko nyuma wasikie."

Edina akajifuta uso kwa kiganja, akageuka kuwatazama watu wa Kongwa wote, akasema tena.